Nyumba Yenye Milango Miwili

Watu wa mtaa wanamwita Mzee Pasi. Jina alilopewa na wazazi wake, ukiliuliza pale barabarani, watu watapandisha mabega. Ni dobi. Amefua na kupiga pasi nguo za watu tangu ujana wake, na viganja vyake vimechujuka kwa sabuni. Duka lake ni dirisha pana lenye ubao wa kuegemea. Mteja anasimama nje, nguo zinaingia ndani, siku zinapita, nguo zinatoka. Mteja mwenyewe haingii, na hana sababu ya kuingia.

Ukimwona kazini utampenda. Huchukua shati, hulinyunyizia maji kwa vidole, kisha huanza na kola, halafu mabega, mikono, kifua, na mgongo mwisho. Hana haraka wala maneno. Kila furushi hulitia alama ya uzi ndani ya mshono, kila mteja na rangi yake, na hajawahi kumpa mtu suruali ya mwenziwe. Wateja wanapenda hivyo. Nadhani wanapenda zaidi ule ukimya wake, maana dobi anajua mengi: nani kamwaga pombe kifuani, nani kanenepa, nani shuka zake zimeanza kuja mara kwa mara. Dobi mropokaji angevunja nusu ya ndoa za mtaa.

Nyuma ya duka kuna pazia, nyuma ya pazia kuna chumba, na katika chumba hicho alikuwa amelala mkewe.

Kiharusi kilimkuta akiosha vyombo. Kikachukua mkono wa kulia na mguu wa kulia, kikalegeza na ulimi, ila ulimi ulirudi baadaye, polepole. Akili hakikuigusa. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakimwona mtu kalala kitandani huanza kumsemesha kwa sauti kubwa kana kwamba yuko ng'ambo ya mto. Mama huyu alisikia vizuri kuliko mimi na wewe. Alisikia kila kilichosemwa dirishani, na alikuwa na maoni juu ya karibu kila kitu.

Kabla ya hapo, yeye ndiye aliyekuwa mtembezi wa wagonjwa. Mtu akilazwa, akifiwa, akijifungua, yeye alikuwa wa kwanza mlangoni na chupa yake ya chai kwapani. Hakuwa mtu wa hotuba wala wa maombi marefu. Alikuwa anakaa tu. Anakaa mpaka mgonjwa anachoka kujikaza na kuanza kulalamika, hapo ndipo alipokuwa akijua kwamba kazi imeanza. Nusu ya kanisa lao imewahi kunywa chai ya chupa ile, na ninayesema hivi nina hasira kidogo, mnisamehe.

Kitanda chake kilitazama dirisha dogo la uani, ambako nguo za watu zilianikwa. Hakuona kingine. Basi nguo zile ndizo zikawa wageni wake.

"Leo kaja mwalimu mkuu," alimwambia mumewe jioni.

"Ana hali gani?"

"Kaja bila kichwa. Na kapwaya kiunoni. Mkewe atakuwa amesafiri."

Mzee Pasi alicheka, naye akacheka kwa upande ule mmoja wa mdomo uliobaki mzima. Walikuwa na binti mmoja, aliyeolewa mbali, mwenye watoto wadogo na mume asiyependa safari. Alipiga simu, akalia kidogo, akasema atakuja. Ukiondoa simu hiyo, hapakuwa na sauti nyingine ndani ya nyumba isipokuwa ya redio, ambayo Mzee Pasi alikuwa na tabia ya kuijibu.

Sasa sikiliza jinsi watu wema wanavyoweza kumsahau mtu bila hata mmoja wao kuwa na roho mbaya. Mwaka ule mama alipoanguka, kanisa lilikuwa limekua. Jumuiya yao, ile ya watu wanaokutana nyumba kwa nyumba kusali katikati ya wiki, ilijaa hadi watu wakawa wanasimama nje. Wazee wa kanisa wakaigawa. Nyumba zinazotazama barabara zikawa Jumuiya ya Juu. Zinazotazama uchochoro wa nyuma zikawa Jumuiya ya Bondeni. Ulikuwa mgawo mzuri usio na ugomvi. Lakini nyumba ya Mzee Pasi ina dirisha la duka barabarani na mlango wa uani uchochoroni. Watu wa Juu walipofika kwenye jina lake wakasema, dobi? Mlango wake si uko kule nyuma, huyo wa Bondeni. Wa Bondeni nao wakasema, dobi? Si yuko pale barabarani, huyo wa Juu. Siku ya kugawana yeye alikuwa hospitali, kashika mkono wa mkewe, na asiyekuwapo na lake halipo.

Kwa hiyo kila upande ulikuwa na hakika kwamba upande wa pili unamtazama mgonjwa. Hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwepo hata mmoja aliyemchukia, tungejua wa kumlaumu.

Salamu zilikuja, tena nyingi. Mzee Pasi hakuweza tena kwenda kanisani, maana hapakuwa na wa kumwachia mkewe, lakini waumini walikuwa wateja wake, na hakuna aliyeondoka dirishani bila kusema neno.

"Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea."

"Mpe pole. Mwambie tunamwombea."

Mzee Pasi hufunua pazia. "Kiongozi wa Bondeni anakupa pole. Anasema wanakuombea."

"Nimesikia, Mzee. Nimepooza mkono, sikupooza masikio."

Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Salamu za dirishani sijui ni robo ya nini. Kadiri zilivyozidi, ndivyo mama alivyozidi kunyamaza, hata ikafika mahali mumewe akawa hazipeleki tena.

Ndipo akaja mchungaji mpya. Alikuwa kijana, mwembamba, mwenye moto, na hakupenda kuona watu wamekaa. Mahubiri yake ya kwanza yalikuwa juu ya kuta. Kanisa si kuta, alisema. Upendo wa Mungu ukifungiwa ndani ya kuta unachacha. Akatangaza wiki nzima ya kutoka nje: kila jumuiya ipite katika mipaka yake, nyumba kwa nyumba, imfikie kila mgonjwa, kila mjane, kila aliyekata tamaa, awe muumini au asiwe. Watu walipokea kwa makofi.

Habari hizi zilimfikia Mzee Pasi kupitia kwa Mtunza Sare. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye rundo la funguo kiunoni na maneno ya kutosha watu watatu, na kazi yake kanisani ilikuwa kuyasimamia majoho ya kwaya. Aliyaleta kwa mkokoteni yakiwa machafu na kuyafuata jioni ya Jumamosi yakiwa safi.

"Safari hii tunatoka, Mzee," alisema, huku akirundika majoho juu ya ubao. "Hakuna mgonjwa atakayebaki. Mchungaji kasema hata mmoja asibaki."

"Ni vizuri."

"Mama hajambo?"

"Hajambo kidogo."

"Haya, mpe pole," akasema Mtunza Sare, akageuza mkokoteni.

Alipoondoka, sauti ilitoka nyuma ya pazia. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Watakuja."

Mzee Pasi alifunua pazia. Ilikuwa muda mrefu hajamwona mkewe na uso ule wa matumaini. "Kesho asubuhi nitapita kwa mzee wa kanisa," alisema, "nimkumbushe kwamba wewe bado..."

"Usiende."

"Nimkumbushe tu."

"Usimkumbushe mtu. Mgeni aliyeburutwa hukaa ukingoni mwa kiti. Nataka waje kwa miguu yao wenyewe. Niahidi, Mzee wangu. Ukiwaomba nitajua."

Akaahidi. Hakuelewa, lakini aliahidi, na Mzee Pasi akikuahidi shati Alhamisi, ni Alhamisi.

Walijiandaa kama watu wanaoozesha. Alifua pazia, akafua shuka, akaisugua sakafu hadi saruji ikabadilika rangi. Akaazima viti kwa kinyozi wa jirani, ambaye alivitoa bila kuuliza na siku nzima akawanyoa watu wamesimama. Mama alichagua kilemba cha kijani. Mumewe alimfunga vibaya, akafungua, akamfunga tena.

Watu wa Juu walianza upande wa barabara. Wimbo ulisikika kwanza mbali, halafu nyumba ya nne, halafu nyumba ya pili. Mzee Pasi aliweka pasi juu ya kibao chake, akajifuta mikono, akasimama dirishani. Walikuwa wengi, wamependeza, nyuso zimechangamka. Mbele yao alikuwa kiongozi wao, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mnene mwenye sauti ya besi ambayo hata akinong'ona inasikika ng'ambo. Alimwona Mzee Pasi, akasimama. Kundi zima likasimama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Ile suruali yangu nyeusi, itakuwa tayari lini?"

Mzee Pasi alimtazama. "Kesho kutwa."

"Ahsante sana. Mama hajambo? Mpe pole. Tunamwombea sana."

Wakaanza wimbo mwingine wakaenda nyumba inayofuata, ambako alikaa mzee mmoja mwenye mafua.

Mzee Pasi alipoingia nyuma ya pazia, mkewe alisema, "Labda watapita uani. Uani ndiko wanakopita watu wanaojuana."

Basi siku iliyofuata aliacha mlango wa uani wazi tangu asubuhi. Alizitoa nguo zote kambani ili njia iwe nyeupe, na mama akabaki na dirisha tupu. Watu wa Bondeni walipita alasiri. Waliimba nyumba ya kushoto, wakaomba kwa muda mrefu, mtu akalia kwa furaha. Wakatoka. Mzee Pasi alikuwa amesimama ndani ya mlango na ufagio, anafagia pale pale alipokwisha kufagia. Miguu yao ikapita mbele yake. "Habari za kazi, Mzee," walisema, mmoja baada ya mwingine, "habari za kazi," wakaingia nyumba ya kulia.

Aliurudisha ufagio mahali pake. Aliporudi chumbani, mkewe alikuwa amejitahidi kwa ule mkono mmoja mzima na kilemba kilikuwa kifuani.

"Kinanibana," alisema.

Jioni ile Mzee Pasi hakuijibu redio. Aliviinua viti kimoja kimoja akavirudisha kwa kinyozi. Kinyozi hakuwa wa dini yao, na kwa kawaida alijua la kusema, lakini safari hii alivipokea akasema tu, "Mzee," na kumsindikiza hadi mlangoni.

Wiki ilipokwisha, Mtunza Sare alileta majoho akiwa na furaha inayomwagika. Wamezunguka, watu wamelia, watu wamerudi kundini. "Hatukubakiza mtu, Mzee! Hata mmoja!"

Mzee Pasi si mtu wa hasira. Lakini aliyapokea majoho yale na akayashika kwa muda, na moyo wake ukachemka hadi akaogopa. Alitaka kusema, mmebakiza mmoja, yuko hatua chache kutoka unaposimama. Neno lilifika kwenye meno. Akakumbuka ahadi yake, akalimeza, nalo halikumeng'enyeka.

Jumapili iliyokuwa inakuja haikuwa ya kawaida. Askofu alikuwa anakuja kuhubiri, na kwaya ilikuwa imejifua kwa mazoezi. Majoho yalitakiwa yawe meupe kabisa. Mzee Pasi aliyafua mara mbili, akayatia bluu ya kung'arishia, akayatia wanga, akayapiga pasi hadi yakasimama yenyewe. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Hakuyakunja. Alifunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta ndani ya chumba cha mgonjwa, juu ya kitanda na pembeni yake, akayatundika yote.

"Mzee, mbona majoho humu?" mkewe aliuliza kutoka chini ya kitambaa chote kile cheupe.

"Uani kuna vumbi."

Mvua ilikuwa imenyesha kutwa nzima na uani palikuwa tope tupu.

"Vumbi," alisema mkewe, na hakuuliza tena.

Mtunza Sare alipofika na mkokoteni wake, aliambiwa hakuna mzigo. "Nikiyakunja yatashika mistari," Mzee Pasi alimweleza, na huo haukuwa uongo. "Kesho si kuna askofu? Nimeyatundika. Wapite asubuhi, kila mtu achukue lake, avae hapa hapa, mtoke mmenyooka."

"Kwaya nzima?"

"Nzima. Mmoja akichukua ya wote atayachanganya."

Mtunza Sare aliutazama mkokoteni mtupu, akamtazama dobi, ambaye hakuwahi kumpa ushauri tangu wajuane. "Haya," alisema.

Asubuhi wakaja wote, wamepaka mafuta, wananukia, wanasukumana barabarani mbele ya dirisha. Mzee Pasi aliinua ule ubao wa kuegemea. Wengine hawakujua hata kama unainuka. Akashika pazia, akalivuta pembeni.

"Yako ndani. Karibuni."

Waliingia wakiongea. Waliokuwa mbele wakanyamaza, waliokuwa nyuma wakaendelea kuongea, wakawasukuma wa mbele, nao wakanyamaza. Kati ya majoho, kwenye mto, ulikuwepo uso mwembamba ambao baadhi yao hawakuutambua mara moja.

"Karibuni," alisema mama. "Angalieni msikanyage beseni."

Soprano mmoja alianza kulia palepale, maana mama huyu ndiye aliyekaa naye alipozaa mtoto aliyefariki. Wengine walisogea, wakashika mkono usio sahihi, ule uliopooza, wakaachia, wakashika mwingine. Halafu kiongozi wa Juu, yule mwenye sauti ya besi, akageuka kwa kiongozi wa Bondeni, mama mmoja wa alto, akamnong'oneza, na nilishasema kunong'ona kwake kukoje.

"Si mlifika hapa nyinyi, ile wiki?"

"Sisi? Hapa si kwenu?"

"Kwetu vipi? Mlango wao si uko kwenu?"

"Wewe suruali zako unazileta mlango gani?"

Watu wote wale wakatazama chini, na juu yao majoho meupe hayatikisiki. Mzee Pasi alisimama kwenye pazia. Wakati ule ndipo na yeye alipoelewa, na akajisikia vibaya kwa namna mpya, maana muda wote alidhani wamechukiwa, kumbe walihesabiwa mara mbili, kila upande ukiwahesabia upande wa pili.

Mwalimu wa kwaya alitazama saa yake. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na askofu wa kuwahi. "Jamani," alisema, "tumwimbie Mama ubeti mmoja, halafu twende mbio."

"Msiimbe," mama alisema. "Nyimbo zenu nazipata dirishani kila Jumapili. Na mwambieni yule wa sauti ya tenori, wa mwisho, anawahi kuingia." Kuna aliyecheka kwa kushtuka. "Kaeni."

Viti havikuwepo. Mwalimu wa kwaya alitamka kwamba watarudi baada ya ibada, akaapa, akachukua joho lake na waliomfuata wakamfuata, kama nusu hivi. Nusu iliyobaki ikakaa. Walikaa sakafuni, wakakaa ukingoni mwa kitanda, wakalaliana migongo. Waliokwisha kuvaa walikaa na majoho yao yenye wanga, na kazi ya Mzee Pasi ikakunjamana mbele ya macho yake, naye hakuona.

"Yule pale," mama alisema, "mnamjua?"

Wakageuka kumtazama aliyesimama kwenye pazia. "Tunamjua, Mama. Mzee Pasi."

"Pasi ni chuma. Nimewauliza mtu."

Wakatazamana.

"Basi niwaambie, maana yeye hatasema. Ni mtu wa kuchekesha sana. Hamkujua. Anajibizana na redio, na mara nyingi ana haki. Chakula akiwa peke yake hali, anakizungusha tu kwenye sahani. Akihuzunika anafua vitu vilivyokwisha kufuliwa." Alipumzika. Maneno mengi yalimchosha. "Mimi nilitembelea wagonjwa miaka mingi, najua mgonjwa anavyokuwa karibu na mwisho, sihitaji kuambiwa. Mimi naondoka. Huyu anabaki. Nilitaka mje mkiwa mmekuja wenyewe, muuzoee mlango huu kabla sijaondoka. Mngekuja kwa kuombwa, mngekuja kwa ajili yangu, na siku mkishanizika kazi imekwisha."

Mzee Pasi alikuwa amesimama muda wote akidhani kwamba yeye ndiye aliyekuwa anahangaika kwa ajili ya mkewe. Alirudi nyuma ya pazia, akaenda hadi kwenye meza yake, akaegemea kwa mikono yote miwili. Hakutaka watu wamwone. Lakini pazia ni pazia, na wote walimsikia.

Ibada ile kwaya ilikuwa nusu, na askofu alihubiri vizuri tu. Mchana mchungaji alikuja mwenyewe, viatu vyake vimejaa tope, akakaa sakafuni kwa sababu hapakuwa na pengine. Nasikia hakusema kitu juu ya kuta.

Baada ya hapo walikuja. Juu walikuja, Bondeni walikuja, wakawa wanashindana nani atangulie, na mara moja walikutana mlangoni na kuoneana haya. Mama aliwapokea wote na kuwatania wote. Hakukaa sana. Alifariki asubuhi moja, kabla maji ya kufulia hayajachemka, na mkono wake mzima ulikuwa ndani ya mkono wa mumewe.

Alizikwa na umati. Binti alikuja, akakaa hadi watoto wakaanza kuugulia nyumbani kwao, akaondoka akilia. Jumuiya zote mbili zililala msibani, zikapika, zikaosha, zikaimba. Kisha, kama ilivyo kwa misiba yote, sufuria zilirudishwa kwa wenyewe.

Na hapa sitawadanganya. Watu walipungua. Mzee Pasi hakuwa mgonjwa, hakuwa na dhiki inayoonekana, na nguo zilikuwa zinatoka kwa wakati. Anayetembelewa ni mgonjwa, na mgonjwa alikuwa amezikwa. Juu waliona Bondeni wanaingia sana, wakaridhika. Bondeni waliona Juu wako karibu, wakaridhika. Salamu zikarudi dirishani. Kitanda aliking'oa, akakiegemeza ukutani, halafu akakirudisha, kwa sababu chumba kilikuwa kikubwa mno. Shuka za mkewe alizifua. Wiki iliyofuata akazifua tena, ingawa hakuna aliyezilalia. Aliianika kila moja mahali ambapo ingeonekana kutoka kwenye dirisha lile dogo, kisha akakaa kitandani kuangalia kama bado panafaa kuangalia.

Alikuwa amekaa hapo hapo, alasiri moja isiyo na maana yoyote, si Jumapili wala Jumamosi ya majoho, aliposikia ubao wa dukani unainuliwa na mtu mwingine. Funguo zikalia. Alitoka haraka, akanyoosha mikono yote miwili mbele kupokea mzigo, kama alivyofanya maisha yake yote. Mtunza Sare alikuwa amesimama ndani ya duka, hana kitu mkononi.

"Majoho bado," alisema Mzee Pasi. "Nilidhani ni mpaka Jumamosi."

"Ni mpaka Jumamosi. Sikufuata majoho."

"Una nguo yako?"

"Sina nguo."

Mikono yake ilibaki pale mbele, haijui pa kwenda. Mtunza Sare, yule mwenye maneno ya watu watatu, alitafuta cha kusema na hakupata, akaishia kwenye lile neno ambalo sote tunaishia kwalo.

"Habari za hapa, Mzee?"

Unajua jibu lake. Kila mmoja wetu analijua. Mtu anatoka makaburini, vumbi la kaburi bado liko viatuni, ukimuuliza habari anakujibu nzuri, halafu ndipo anakuambia amefiwa. Mzee Pasi alikuwa amelitoa jibu hilo dirishani kila siku, kwa kila mtu, tangu mkewe alipoanguka. Alifungua mdomo kulisema tena.

"Mbaya," alisema. "Mbaya sana, mwanangu."

Mtunza Sare alifungua rundo la funguo kiunoni, akaliweka juu ya meza, akaketi.